Ki-67 kutoka chumba cha upasuaji hadi kwenye ripoti: mwongozo kamili kwa maabara ya patholojia

Slaidi moja ya saratani ya matiti inaweza kutoa Ki-67 (sehemu ya seli za saratani zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika) ya asilimia 13 mikononi mwa mtu mmoja na asilimia 40 mikononi mwa mwingine, na wote wawili wakawa wamehesabu sawasawa. Sababu zake zinajulikana, na nyingi zinazuilika. Mwongozo huu unaifuata sampuli tangu inapotoka mwilini mpaka namba inapoandikwa, kwa njia ya mikono ambayo maabara isiyo na mashine ya kupaka rangi inaweza kuimudu.

Kinachopimwa hasa

Ki-67 ni protini ya ndani ya kiini cha seli. Seli iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika huwa nayo katika hatua zote nne: G1, S, G2 na M. Seli iliyotulia, yaani iliyo kwenye G0, haina. Protini hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na kundi la Johannes Gerdes mjini Kiel, Ujerumani, lakini kingamwili yao (kitu kinachoishika protini hiyo ili ipakike rangi) ilifanya kazi kwenye nyama iliyogandishwa tu. Mwaka 1992 ilikuja kingamwili ya MIB-1, ambayo huishika protini hiyo hata ndani ya bloki ya parafini, ilimradi slaidi ichemshwe kwanza. Hapo ndipo kipimo hiki kilipoingia katika kazi za kila siku.

Nusu ya Ki-67 iliyomo ndani ya seli huvunjwa kwa saa moja hadi moja na nusu, kwa hiyo seli iliyojitoa kwenye mzunguko haiendelei kuonekana kama inagawanyika. PCNA, protini nyingine iliyotumika sana zamani, hukaa muda mrefu zaidi na tena hushiriki kukarabati DNA. Ndiyo maana seli isiyogawanyika inaweza kupakika rangi, na siku hizi hakuna sababu ya kuitegemea PCNA kupima saratani. Fosfohistoni H3 huonekana mwishoni mwa G2 na katika M peke yake. Hiyo ni msaada mzuri pale unapotafuta mitosisi (seli inayogawanyika wakati huohuo) kwenye slaidi iliyojaa viini vilivyosinyaa vinavyoiga mitosisi. MCM2 hushika hata seli zilizopewa ruhusa ya kunakili DNA lakini hazijaanza, hivyo asilimia yake huwa juu kuliko ya Ki-67, na mipaka ya moja haihamishiki kwenda kwa nyingine.

Jambo moja husahaulika: Ki-67 inaeleza ni seli ngapi zimo kwenye mzunguko, haielezi zinakwenda kasi gani. Seli inayomaliza mzunguko kwa siku moja na ile inayochukua siku nne zote zitakuwa za kahawia, rangi ambayo kipimo huipa seli yenye Ki-67.

Kabla ya sampuli kufika maabara

Kazi nyingi huharibika hapa, na hakuna kingamwili, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuirekebisha. Tangu nyama ikatwe mpaka iingie kwenye fomalini isizidi saa moja. Ndoo ya titi zima iliyoachwa juu ya meza ya chumba cha upasuaji hadi jioni itatoa Ki-67 ya chini kuliko ilivyo, na mitosisi nazo zitapungua. Andika saa ya kukata na saa ya kutumbukiza kwenye fomu ya ombi. Fomu isiyo na nafasi ya saa hizo irekebishwe.

Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomaldehidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfati yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfati kavu. Fomalini iliyochanganywa na maji ya bomba bila bafa huwa tindikali taratibu na kuharibu viini. Kiasi kiwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Chupa ndogo iliyosongwa na kipande kikubwa haihifadhi chochote zaidi ya ukingo.

Fomalini hupenya kwa takriban milimita moja kwa saa, na kupenya si sawa na kukaza: vifungo vya kikemia vinahitaji muda zaidi. Titi zima likatwe vipande vya milimita 5 hadi 10 siku hiyohiyo, huku karatasi ya kufyonza ikiwekwa kati ya vipande. Muda ndani ya fomalini uwe kati ya saa 6 na 72. Sampuli ya sindano nene nayo isipungue saa 6, hata kama daktari anasimama mlangoni akingoja jibu. Ukiwa na sindano na titi lote la mgonjwa yuleyule, pima Ki-67 kwenye sindano, kwa sababu imehifadhiwa vizuri kuliko titi.

Mfupa uliolainishwa kwa asidi kali usitumike kwa Ki-67. Kama hakuna sampuli nyingine, lainisha kwa EDTA badala ya asidi kali, na ripoti iseme hivyo.

Kukata na kubandika

Kata unene wa mikromita 3 hadi 4. Kipande kinene zaidi hupandanisha viini juu ya viini, kisha ukihesabu huelewi kiini kipi ni cha kahawia na kipi kimefunikwa. Tumia slaidi zenye chaji. Za kawaida huachia nyama wakati wa kuchemsha, hasa nyama ya titi yenye mafuta. Kausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa moja, au nyuzi 37 usiku kucha. Slaidi zilizokatwa zisikae zaidi ya wiki mbili kabla ya kupakwa rangi. Bloki ndiyo ya kuhifadhi. Slaidi ambazo hazijapakwa zikikaa miezi kadhaa kwenye droo hupoteza nguvu bila kutoa dalili yoyote.

Kila slaidi ya mgonjwa ibebe kipande cha tonsili pembeni, au angalau kila awamu iwe na slaidi moja ya tonsili kama kontroli. Tonsili inafaa kuliko kipande cha saratani kwa sababu unajua mapema nini kinapaswa kuwa wapi: vitovu vya kuzalisha seli B viwe vimejaa kahawia, tabaka la seli lililo juu kidogo ya msingi wa ngozi yake liwe na kahawia, seli za juu kabisa za ngozi hiyo zisiwe na kitu, na ukanda wa limfosaiti (seli za kinga) unaozunguka vitovu uwe na chache mno. Weka pia slaidi moja isiyopewa kingamwili ya kwanza.

Kuchemsha: mahali ambapo mwinuko wa mji unaingia

Fomalini hufunga protini na kuficha sehemu ambayo kingamwili inaitafuta. Joto ndilo huifichua. Bafa mbili hutumika. Ya sitrati, pH 6.0: gramu 2.94 za trisodiamu sitrati yenye molekuli mbili za maji kwa lita moja, rekebisha kwa asidi ya hidrokloriki, kisha ongeza mililita 0.5 za Tween 20. Ya Tris-EDTA, pH 9.0: gramu 1.21 za Tris, gramu 0.37 za EDTA ya disodiamu, lita moja ya maji, na Tween 20 kiasi kilekile. Kwa Ki-67 zote mbili hufanya kazi. Tris-EDTA aghalabu hutoa rangi nzito zaidi, lakini pia hung'oa nyama kwa urahisi zaidi.

Maelekezo ya watengenezaji wengi yanataka nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20. Dar es Salaam au Mombasa hilo ni jepesi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mbeya ni vivyo hivyo, na Kigali ni karibu 95. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja. Fundi wa Nairobi anayeweka kidhibiti cha beseni la moto kwenye 98 hatafika huko kamwe: bafa itachemka kwa fujo, mapovu yatainua nyama, kina kitashuka, na sehemu ya juu ya slaidi itakauka. Kisha rangi inatoka hafifu na lawama inaangukia kingamwili.

Dawa yake ni presha kuka, hata ya jikoni, mradi iwe ya chuma kisichoshika kutu na valvu yake iwe nzima. Chemsha bafa kwanza, tumbukiza slaidi, funga, na uanze kuhesabu dakika 3 baada ya presha kutimia. Ndani yake joto hufika nyuzi 115 hadi 120 hivi, uwe pwani au milimani. Toa mvuke, kisha acha slaidi zipoe ndani ya bafa hiyohiyo kwa dakika 20. Kuzichomoa zikiwa moto huzikausha papo hapo. Asiye na presha kuka na yuko juu milimani atumie beseni la nyuzi 92 au 93, chini kidogo ya kuchemka, kwa dakika 40, akilinganisha na tonsili. Ukishapata njia inayokupa tonsili safi, iandike na usiibadilishe katikati ya mwaka.

Kupaka rangi

1. Ondoa parafini: zailini mara mbili, dakika 5 kila mara. Kisha alkoholi ya asilimia 100 mara mbili, 95, na 70, dakika 2 kila moja, halafu maji.
2. Chemsha na upoze kama ilivyoelezwa.
3. Zima peroksidesi ya nyama yenyewe (kimeng'enya ambacho kingetoa kahawia ya uongo): peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 kwa dakika 10. Suuza.
4. Osha kwa bafa ya TBS yenye pH 7.6 na Tween 20 ya asilimia 0.05, mara mbili, dakika 3. Bafa yoyote itakayogusa hatua ya 6 na 7 isiwe na azidi ya sodiamu, kwa maana huua peroksidesi.
5. Kingamwili ya Ki-67, mikrolita 100 hadi 200 kwa slaidi, dakika 30 kwenye joto la chumba, ndani ya kisanduku chenye unyevu. MIB-1 ya kuchanganya mwenyewe ijaribiwe kwenye tonsili kwa 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400. Chagua ile inayotoa kahawia kali kwenye vitovu huku ukanda wa nje ukibaki safi.
6. Osha mara mbili. Weka polima yenye peroksidesi, inayojishikiza kwenye kingamwili ya kwanza, dakika 30. Osha tena mara mbili.
7. DAB (kemikali inayotoa rangi ya kahawia) iliyochanganywa muda huohuo, dakika 5 hadi 10. Vaa glavu, na taka zake zisimwagwe kwenye sinki.
8. Himatoksilini ya Mayer (rangi ya bluu ya viini), sekunde 30 hadi dakika 1, kisha maji ya bomba mpaka iwe bluu.
9. Alkoholi kwa kupanda, zailini, DPX (gundi ya slaidi) na kifuniko.

Hatua ya 8 hudharauliwa, na ndiyo inayobadilisha asilimia bila mtu kujua. Himatoksilini ikizidi, kahawia hafifu humezwa na bluu na namba hushuka. Ikipungua, seli zisizo na Ki-67 hazionekani vizuri, zinaachwa nje ya hesabu, na namba hupanda. Lenga bluu hafifu ambayo bado inaonyesha mpaka wa kila kiini.

Kuhesabu

Anza na tonsili. Ikikataa, usiitazame slaidi ya mgonjwa, rudia.

Kinachohesabiwa ni kiini cha seli ya saratani vamizi chenye kahawia ya kiwango chochote, hafifu au kali. Rangi ya saitoplazimu haihesabiwi. Seli za saratani iliyo bado ndani ya mirija, limfosaiti, seli za mishipa na sehemu iliyokufa huachwa. Limfosaiti ni mtego mkubwa: uvimbe uliovamiwa na seli za kinga una viini vingi vidogo vya mviringo vya kahawia ambavyo si saratani. Kovu la njia ya sindano ya awali nalo lina seli nyingi zinazogawanyika kwa sababu kidonda kinapona, basi kaa mbali nalo.

Kwa saratani ya matiti, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa Ki-67 kinapendelea hesabu ya slaidi nzima. Pitia slaidi yote kwa lenzi ndogo, kadiria ni sehemu gani ya eneo la saratani iliyo na Ki-67 ya chini, ya wastani na ya juu, chagua nyanja nne zinazowakilisha hali hizo, kisha hesabu seli 100 katika kila moja.

Tuseme asilimia 60 ya eneo ni ya chini, 30 ya wastani na 10 ya juu. Nyanja mbili za chini zimetoa 5 na 7, ya wastani 18, ya juu 40. Wastani wa kawaida wa nyanja nne ni 17.5. Ukizipa uzito kwa ukubwa wa eneo: 6 × 0.6 ni 3.6, 18 × 0.3 ni 5.4, 40 × 0.1 ni 4, jumla 13. Aliyekwenda moja kwa moja kwenye sehemu kali zaidi atasema 40. Hakuna mwongo kati yao. Kosa ni kuandika namba bila kutaja njia, na zaidi ya hapo, kulinganisha namba ya leo na ya mwaka jana zilizopatikana kwa njia tofauti.

Idadi ya seli nayo ina uzito. Ukihesabu seli 100 na kupata asilimia 20, kwa bahati tu jibu linaweza kuyumba pointi 8 kila upande. Kwa seli 500 huyumba karibu 3.5. Kukadiria kwa jicho kunatosha pale jibu liko mbali na mpaka wowote, mathalani 2 au 70. Kati ya hapo, hesabu. Njia rahisi ni kupiga picha kupitia lenzi ya hadubini kwa simu, kuichapa au kuifungua kwenye kompyuta, na kuweka alama juu ya kila kiini kilichohesabiwa. QuPath ni programu ya bure inayohesabu picha za slaidi, na ni nzuri, lakini lazima uifundishe kutofautisha saratani na limfosaiti na uyaangalie matokeo kwa jicho lako.

Namba inasema nini

Katika saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni na isiyo na HER2 (protini ya ukuaji wa seli), ya hatua T1 au T2 (ukubwa wa uvimbe) na N0 au N1 (kuenea kwenye tezi za limfu), makubaliano ya kikundi hicho yaliyochapishwa mwaka 2021 ni kwamba asilimia 5 au chini na asilimia 30 au zaidi ndizo za kutegemewa wakati wa kuamua kuhusu tibakemikali. Kati ya 6 na 29, Ki-67 peke yake isiamue. Mpaka wa 14 na ule wa 20 vilivyozoeleka vilitoka katika mikutano ya wataalamu wa saratani ya matiti ya St Gallen, Uswisi, ya 2011 na 2013, na tofauti za maabara kwa maabara ni kubwa mno kwa mipaka ya namna hiyo. Maombi mengine huletwa kwa ajili ya abemaciclib, dawa ya saratani ya matiti: Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2021 ikidai Ki-67 ya 20 au zaidi, na Machi 2023 sharti hilo likaondolewa.

Matumizi yanayotupendeza zaidi ni kupima mara mbili. Jaribio la POETIC la Uingereza liliwapa wanawake waliokoma hedhi dawa ya kuzuia aromatesi (kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni) kwa wiki mbili kabla ya upasuaji. Kwa wasio na HER2, waliokuwa na Ki-67 ya chini ya 10 tangu mwanzo walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 4.3 ndani ya miaka 5. Walioanza juu kisha wakashuka, 8.4. Waliobaki juu, 21.5. Hapo mgonjwa analinganishwa na nafsi yake kwenye maabara ileile, na kasoro nyingi za kipimo hupungua makali.

Kwenye uvimbe wa nyuroendokrini wa tumbo na kongosho, Ki-67 ndiyo inayotoa daraja: chini ya 3 ni G1, 3 hadi 20 ni G2, zaidi ya 20 ni G3 (hapa G ni daraja la uvimbe, si hatua ya mzunguko wa seli). Hapa utaratibu hugeuka: tafuta sehemu kali zaidi na uhesabu angalau seli 500. Kati ya asilimia 2 na 4 hakuna jicho linalotofautisha, kwa hiyo makadirio hayakubaliki.

Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt kutoka Mulago, Kampala, mwaka 1958, hutoa Ki-67 inayokaribia 100. Ukipata 80 katika uvimbe wa taya wa mtoto, angalia tonsili ya kontroli kwanza. Kama ni safi, fikiria limfoma nyingine.

Kwenye shingo ya kizazi, Ki-67 hujibu swali ambalo rangi za kawaida za himatoksilini na eosini peke yake hushindwa: ngozi nyembamba ya mwanamke aliyekoma hedhi huiga mabadiliko mazito ya kabla ya saratani. Ngozi iliyosinyaa tu ina Ki-67 kidogo mno, wakati mabadiliko mazito huijaza hadi tabaka za juu. Ikiambatana na p16 (protini nyingine inayopimwa kwa kingamwili) iliyoshika tabaka zote bila mapengo, shaka huisha.

Ikiharibika

Kahawia kwenye ukingo wa nyama na weupe katikati: fomalini haikufika katikati. Hesabu palipohifadhika, au omba bloki nyingine.

Mitosisi zina kahawia lakini viini vingine karibu vyote ni bluu, na tonsili nayo imepungua: joto halikutosha, au kingamwili imezimuliwa kupita kiasi. Mitosisi huwa na Ki-67 nyingi, hivyo ndizo za mwisho kupotea. Mitosisi nyingi kwenye slaidi ya kawaida pamoja na Ki-67 ya asilimia 3 haviendani, na jibu kama hilo lisitoke maabara.

Kila kiini ni cha kahawia, hata ukanda wa nje wa tonsili: kingamwili nzito au DAB iliyokaa mno. Ukungu wa kahawia kila mahali: slaidi ilikauka kati ya hatua, au peroksidi ya hidrojeni ni ya zamani, ikifunguliwa mara kwa mara hupoteza nguvu, na chupa isiyotoa mapovu hata kidogo ikiguswa na damu ni ya kutupa.

Rangi kwenye utando wa seli katika uvimbe wa tezi ya thairoidi wenye mihimili ya hayalini, ukitumia MIB-1: hilo si kosa la maabara. Ni tabia yake inayojulikana, na husaidia utambuzi.

Ripoti

Iandike hivi: «Ki-67, kingamwili MIB-1, Tris-EDTA pH 9.0, presha kuka. Sampuli ya sindano, fomalini saa 18, muda kabla ya fomalini dakika 10. Saratani vamizi, seli 400, njia ya slaidi nzima yenye uzito: asilimia 13. Sehemu kali zaidi: asilimia 40. Kontroli ya tonsili: sahihi.» Andika asilimia kamili, si «chini» au «juu» peke yake. Muda wa fomalini usipojulikana, andika «haujulikani», na Ki-67 ya chini kwenye sampuli ya namna hiyo isitumike kumnyima mgonjwa tiba.